Umeambiwa una sukari? Anzia kwenye sufuria ya nyumbani

Nilivoambiwa nina sukari, hii ya aina ya pili inayotupata wengi ukubwani, nlikua na miaka 46. Nina duka la spea Kariakoo, nakaa kwenye kiti kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, asubuhi chapati mbili na chai ya vijiko vitatu, mchana wali, soda mbili kwa siku, na nlikua najiona mzima kabisa isipokua kiu na kule kuamka usiku kukojoa mara nne. Mke wangu ndo alishtuka kwanza, aliona sisimizi wanapanga foleni chooni wakifuata sukari iliyo kwenye mkojo. Nikaenda kupima asubuhi sijala kitu ikasoma 14.2, wakachukua na kipimo cha HbA1c (nitakieleza hapo chini) kikarudi asilimia 9.8, na dakika kama tano baadae nikawa nimeshatoka nje na pakti ya vidonge na sentensi moja tu, acha sukari acha wali fanya mazoezi, mwingine aingie. Namuandikia mtu aliyetoka kwenye mlango kama ule wiki hii.

Kwanza tuelewane kwenye namba, maana wengi tunatembea na karatasi tusiyoweza kuisoma. Asubuhi kabla hujala wala kunywa chochote zaidi ya maji, kuanzia 7.0 kwenda juu ni kisukari, na kama huna dalili kawaida wanarudia siku nyingine kuhakikisha. Ukipimwa saa yoyote ikasoma 11.1 au zaidi na una kiu, unakojoa sana, unapungua mwili, jibu ni hilo hilo. Afu kuna hiyo HbA1c, ambayo huwezi kuidanganya kwa kujinyima siku mbili kabla ya kliniki (nilijaribu), kwa sababu inaangalia sukari iliyonatia kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe moja inaishi kama siku 120, kwahiyo inakuonyesha wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita. Asilimia 6.5 kwenda juu ni kisukari, na wengi tunapewa lengo la kushuka chini ya 7, ingawa mzee sana anaweza kuachiwa juu kidogo. Kama una selimundu au damu yako ni pungufu sana sema mapema, hicho kipimo kinaweza kukudanganya. Na ukisoma mambo ya Wamarekani ukakuta mtu analia sukari yake ni 180 usizimie, wao wanahesabu kwa mg/dL na sisi kwa mmol/L, gawanya kwa 18 unapata 10 yetu.

Wiki ya kwanza usibadilishe kila kitu. Utaambiwa tofauti, najua, mi siku ya pili tu dada yangu alishanitumia meseji kumi na moja za vyakula vya kuacha na ukiziunganisha zote kilichobaki ni maji na matango. Fanya mawili tu. Meza dawa kama ulivoandikiwa, na acha sukari ya kunywa: soda, juisi hata ile ya kusaga nyumbani, miwa, energi, chai tamu. Soda ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, ni vijiko tisa vya chai, hakuna mtu mwenye akili timamu atakoroga vijiko tisa kwenye kikombe kimoja lakini kwenye chupa tunakunywa na tunaongeza ya pili. Chai mi niliishusha taratibu, vitatu, viwili, kimoja, nusu, ilichukua mwezi mzima, siku hizi natia tangawizi na iliki na mdalasini basi, nikipewa ya sukari ugenini naiona kama shira. Dafu watu wanauliza sana: lina sukari kidogo kuliko soda lakini lina sukari, sio maji.

Dawa. Wengi mnaanza na metformini, mara nyingi ya miligramu 500, na wengi mnaiacha wiki ya pili kwa sababu ya tumbo, kuharisha, gesi, mdomo ladha ya chuma. Imeze katikati ya chakula, sio kabla sio baada ya saa zima, na kama daktari amekuandikia dozi kubwa moja kwa moja tumbo likagoma, mrudie umuombe aanze kidogo apandishe polepole, au akupe ile inayoyeyuka taratibu, ipo. Usikae kimya ukaificha kabatini afu kliniki unasema unameza. Na hii habari ya kwamba dawa za sukari zinaua figo, mi nliiamini, kumbe figo zinauliwa na sukari iliyokaa juu miaka na presha iliyokaa juu miaka. Kilicho kweli ni kwamba figo zikishachoka metformini inapunguzwa au inasimamishwa, ndo maana wanapima kreatinini, taka ya kwenye damu inayoonyesha figo zinavochuja. Ukiitumia miaka mingi omba na vitamini B12 iangaliwe, inaweza kushuka, na upungufu wake unafanya miguu iwake moto ukadhani ni sukari tu.

Sasa sufuria.

Mke wangu kwa mapenzi yake mema alininunulia sufuria yangu ndogo. Nyumba nzima wanakula wali wa nazi na samaki wa kupaka, mimi naletewa kile kisufuria: matembele ya kuchemsha bila chumvi, kijiugali cha dona kama yai, maharage bila nazi. Wiki tatu. Watoto wananiangalia kama mtu aliyefungwa, na mimi nakula kama mtu aliyefungwa kweli, afu ikifika saa nne usiku nasema natoka kupunga upepo, kumbe nipo kwa muuza chips, mayai mawili na kachumbari na pilipili, nafuta mdomo narudi nalala. Sukari ya asubuhi ilipanda kuliko hata kabla ya kisufuria na mke wangu analia anadhani dawa ni feki. Shemeji yangu ambae ni nesi ndo alitugombeza wote wawili, akasema hawa watoto wana damu yako, mzazi akiwa na hii ya aina ya pili mtoto nae hatari yake inapanda, sasa wewe unajipikia chakula kizuri peke yako na wao unawaachia kinachokuumiza, hii akili gani?

Kisufuria siku hizi kinachemshia mayai. Nyumbani kinapikwa chakula kimoja, kinachobadilika ni sahani inavopakuliwa: nusu ya sahani mboga (mchicha, matembele, kisamvu, bamia, kabichi, kachumbari, chochote kilichopo sokoni), robo kitoweo au maharage au choroko, na robo inayobaki ndo wanga. Wanga ni ugali, wali, chapati, ndizi, viazi, mihogo, magimbi, makande yenye mahindi mengi, vyote hivo vinagombania robo moja, sio kila kimoja na robo yake. Ugali wangu ni wa ukubwa wa ngumi yangu. Wali wa nazi haujafukuzwa, unapikwa Jumapili na mimi nakula, ila robo. Kuna ujanja mwingine mdogo unasaidia kweli, anza na mboga na kitoweo, wanga umalizie mwisho, chakula ni kile kile ila sukari haipandi kwa kishindo. Nlidhani ni maneno ya mtandaoni mpaka nikapima mwenyewe.

Kuhusu dona na sembe watu wanaweza kupigana. Dona ni bora, ina nyuzinyuzi zaidi, lakini mlima wa dona unakupandisha tu kama mlima mwingine wowote, usijidanganye kwa rangi. Na uji ndo unaotuangusha wengi hasa kina mama, wanauziwa unga wa lishe umeandikwa wa wagonjwa wa kisukari, mchanganyiko wa nafaka saba, wanakunywa vikombe viwili asubuhi bila kitu kingine. Uji ni wanga laini uliokwisha kuiva na kusagika, unashuka haraka na kuingia kwenye damu haraka, hata usipotia sukari. Kama huwezi kuuacha basi kikombe kimoja, pamoja na yai au karanga, afu pima uone mwenyewe.

Na kupima ndo kwenyewe. Mashine ya kidole sio ghali, wengine wanapewa hata bure, zinazokula hela ni stripu, vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu. Kwahiyo usizichome hovyo kila asubuhi afu unaandika namba unanuna. Namba ya asubuhi peke yake haikuambii ulikosea wapi. Mi nlifanya hivi: nachagua mlo mmoja, napima kabla ya kula, napima tena masaa mawili baada ya tonge la kwanza, naandika kwenye daftari chakula na namba zote mbili. Boksi la stripu 50 linakupa milo 25, ukimaliza boksi moja unaijua sukari yako kuliko daktari anaekuona mara moja kwa miezi mitatu. Daftari langu la mwanzo bado ninalo: wali maharage sahani ya kawaida, kabla 7.1 baada 13.4. Ugali ngumi moja na dagaa na matembele, 6.9 ikaenda 9.2. Chapati mbili na chai ya maziwa ya sukari, 7.4 ikaenda 14.8, hapo ndo nliachana na chapati mbili, nikabaki na nusu na mayai. Wengi tunaambiwa kabla ya kula iwe kati ya 4 na 7 hivi na baada ya masaa mawili isivuke 10, ila lengo lako kubaliana na daktari wako. Mwenzako anaweza kula ndizi za kuchemsha zisimfanye kitu na wewe zikakurusha, ndo maana sikupi orodha ya vyakula.

Nawa mikono kwanza kwa sabuni na ukauke. Nliwahi kupima baada ya kumenya embe ikasoma 19, nusura tukodi gari usiku, mke wangu akasema hebu nawa, ikasoma 8.3. Choma pembeni ya kidole, sio katikati penye ncha, huko kunauma na kesho una kazi. Kopo la stripu lifunge saa hiyo hiyo, joto na unyevu wa Dar zinaziharibu.

Halafu hili la asubuhi. Utalala na 6.8, hujala kitu usiku kucha, unaamka 8.9, unaanza kumtuhumu mkeo kaweka nini kwenye mboga. Ni ini lako. Kuelekea alfajiri mwili unatoa homoni za kukuamsha, na ini linamwaga sukari lililoiweka akiba, kwa mzima kongosho linaijibu kwa insulini, homoni ya kushusha sukari, kwetu linachelewa. Mwambie daktari anaweza kubadilisha dozi ya usiku, na kutembea kidogo baada ya chakula cha jioni kunasaidia.

Kutembea nako. Hakuna haja ya jimu. Mi nashuka kwenye daladala vituo viwili kabla, na baada ya kula mchana nazunguka dakika 10 au 15 kabla ya kurudi kwenye kiti, msuli unaotembea unavuta sukari kwenye damu muda ule ule ambao chakula kinaimwaga. Kwa wiki wanataka dakika 150, ukigawanya ni kidogo sana. Kitambi pia, ukipunguza hata asilimia tano mpaka kumi ya uzito wako unaona tofauti kwenye daftari, nlikua kilo 94 na zilipofika 86 dozi yangu ikapunguzwa.

Mama ntilie msiogope kumwambia. Wa kwangu nlimwambia wazi, mama mimi nina sukari, wali nusu, maharage na mchicha dabo, mchuzi usinijazie mafuta, alicheka wiki ya kwanza akasema unaniharibia biashara, siku hizi ana wateja sita wanaagiza "kama ya yule wa spea". Harusini ni pagumu zaidi maana pilau inakuja sahani imeshajazwa na mtu anakusimamia "kula kidogo tu haitakuua". Mi nakula nyumbani kidogo kabla ya kwenda, nikifika nakula nyama na kachumbari, pilau naonja, soda naomba maji. Msibani hivo hivo.

Ramadhani: kabla ya mwezi kuandama, kama wiki sita mpaka nane kabla, nenda kaongee na daktari, sio siku ya kwanza ya mfungo. Dozi zinahamishwa, nyingine zinapunguzwa, na wapo ambao hawatakiwi kufunga kabisa, wenye figo mbovu, mjamzito anaechoma insulini, aliyeshushwa vibaya na sukari karibuni, na dini imewapa ruhusa. Kuchoma kidole kupima hakubatilishi funga, masheikh wengi wamesema hivo. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikapita 16.6 unafungua, hata kama imebaki nusu saa adhana. Futari yetu ndo mtihani, uji, tambi, kaimati, viazi vitamu, magimbi ya nazi, vyote ni wanga na vyote viko kwenye meza moja. Tende moja au mbili, maji, supu, kitu kimoja cha wanga, basi. Daku usiiruke.

Kushuka kwa sukari wengi hatuambiwi na ndo kunaua haraka. Metformini peke yake mara chache inakushusha, ila kama uko kwenye glibenklamidi, wengine mnaijua kama Daonil, au insulini, hii aya isome mara mbili. Ukianza kutetemeka, jasho la baridi, moyo unakimbia, njaa ya ajabu, unaongea maneno hayaeleweki, pima, chini ya 4 umeshuka. Kama huna mashine karibu chukulia umeshuka. Sukari ya haraka gramu 15: vijiko vitatu vinne vya sukari kwenye maji, au soda nusu glasi, na hapa iwe soda ya kweli sio ile ya ziro, wala sio chokoleti wala maziwa ya mgando, hizo zinachelewa. Subiri dakika 15, pima tena, bado chini rudia, ikipanda kula kitu. Mtu akishazimia usimmwagie soda mdomoni atapaliwa, mlaze ubavu mkimbize hospitali. Pombe ukiwa hujala na uko kwenye dawa hizo ni kujitafutia. Mi dukani kuna pakti ya glukosi kwenye droo ya boliti na kijana wangu wa kazi anajua kwanini ipo.

Ukiumwa, malaria, mafua makali, kidonda, sukari inapanda hata usipokula, pima mara nyingi zaidi na kunywa maji. Ukitapika au kuharisha mpaka umekauka wasiliana na daktari siku hiyo hiyo, kuna dawa inabidi zisimame kwa muda, metformini ikiwemo. Na kikohozi cha wiki mbili usikichukulie poa, sisi hatari yetu ya kifua kikuu ni mara mbili mpaka tatu ya mtu asie na sukari.

Dawa za asili utaletewa, tena na watu wanaokupenda. Mlonge, mwarobaini, mbegu za kila aina, chupa za lita tano. Mwaka 2011 nchi nzima ilikwenda Samunge kule Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya Babu, mchungaji mstaafu, shilingi 500, magari yalipanga foleni za kilomita, kisukari kilikua kwenye orodha ya anavyovitibu, mjomba wangu alikwenda, akarudi ameacha dawa na kidole cha mguu kikakatwa mwaka uliofuata. Mlonge ukitaka kula kama mboga kula, ni mboga nzuri. Usiache dawa. Swali la kama inapona mi najibu hivi: kuna utafiti Uingereza ulioitwa DiRECT, matokeo yalitoka 2017, watu waliokua hawajamaliza miaka sita na kisukari walipunguzwa uzito kwa nguvu chini ya uangalizi, baada ya mwaka karibu nusu sukari zao zilikua chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Hiyo ni kutulia, sio kupona, kilo zikirudi nayo inarudi. Lakini ipo, na haiuzwi kwenye chupa.

Miguu. Sukari inaua hisia za nyayo taratibu, unakanyaga msumari hujui. Kila usiku angalia nyayo na katikati ya vidole, huoni vizuri mwambie mtoto akuangalizie au weka kioo chini. Usitembee peku hata ndani, kagua kiatu kabla ya kuvaa, kucha kata kwa mstari sio kuzichimba pembeni, maji ya moto usipimie kwa mguu pimia kwa kiwiko. Kidonda chochote cha mguu ni cha hospitali, sio cha spiriti na majani.

Wanaume wenzangu, mambo ya chumbani. Sukari inaharibu mishipa ya damu na ya fahamu, na huko nako inafika, mi ilinikuta na nikakaa kimya mwaka mzima mke wangu akidhani nina mwanamke mwingine. Sema kliniki, inatibika, na sukari ikitulia wengine inarudi yenyewe. Usinunue vidonge vya mitaani vya kuongeza nguvu, ukiwa na dawa fulani za moyo vinaweza kukuua kitandani. Na kina mama, fangasi zinazorudi rudi zinaweza kuwa ni sukari, sio uchafu.

Siku ukiambiwa uanze sindano za insulini usidhani umehukumiwa. Kongosho linachoka na miaka, ndo ugonjwa ulivo. Kichupa ulichokwisha kufungua kinakaa kama wiki nne kwenye sehemu isiyozidi nyuzi 30, na kama huna friji mtungi wa udongo wenye maji, kichupa ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, unafanya kazi. Usiiweke friza.

Ukienda kliniki beba daftari, sio kumbukumbu. HbA1c kila miezi mitatu mpaka itulie halafu mara mbili kwa mwaka, presha kila ukienda, na angalau mara moja kwa mwaka dai mkojo upimwe protini, damu ipimwe kreatinini, mafuta ya damu, miguu ishikwe na kupimwa hisia, meno, na macho yaangaliwe kwa ndani. Dai, mi ya macho nliambiwa na mgonjwa mwenzangu kwenye benchi, miaka miwili hakuna aliyenitajia. Ila siku ya macho usiende na pikipiki wala usiende peke yako, yale matone wanayokutia yanakufungua mboni unaona ukungu masaa kadhaa, mi nlirudi Mbagala nimeshikwa mkono na binti yangu wa darasa la sita, yeye ndo akanisomea daladala na kulipa nauli.